Ufunguo wa Friji ya Chanjo: Kisa cha Uongozi katika Kituo cha Afya Kisiwani Pate

Mama alijifungua salama saa nne usiku. Mtoto wa kiume, alilia mara moja, uzani wake mzuri. Haikupita nusu saa, muuguzi wa zamu akaona shuka limelowa kupita kiasi. Alikuwa peke yake kituoni: mlinzi langoni, jamaa za mgonjwa barazani, na tabibu msimamizi amelala nyumbani kwake upande wa pili wa mji. Akafanya alivyofunzwa. Alikanda kizazi kwa mkono, akatundika maji ya mshipa, akadunga oksitosini, dawa ya kukaza kizazi, kwa mara ya pili. Kizazi kikabaki kilegevu.

Vichupa alivyotumia vilikuwa vimekaa juma zima kwenye rafu ya chumba cha kuzalishia, na dirisha la chumba hicho hupigwa na jua la alasiri. Oksitosini haivumilii joto. Inatakiwa ikae katika ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, na ikiharibika haionyeshi: maji ni yaleyale, rangi ni ileile, nguvu ndiyo imepungua. Vichupa vizima vilikuwepo, chumba cha tatu kutoka pale, ndani ya friji ya chanjo. Friji ina kufuli. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mhudumu wa chanjo, naye alikuwa Siyu, mji mwingine wa kisiwani, harusini.

Tabibu alipigiwa simu akaja mbio. Wakamwekea mama vidonge vya misoprostoli, dawa nyingine ya kukaza kizazi, chini ya ulimi. Damu ikapungua bila kukatika, na alikuwa amekwisha poteza nyingi. Ikabidi apelekwe Lamu mjini. Kituo kina boti. Injini yake nzima, tangi kavu, kwa sababu petroli hununuliwa kwa idhini ya ofisi ya kaunti ndogo na idhini haitoki usiku. Nahodha mmoja alikubali kutoa chombo chake, akauliza tu mafuta yatalipwa na nani. Hakuna aliyeweza kumjibu. Mwishowe jamaa za mgonjwa walichanga. Na hata lau mafuta yangekuwepo tangu mwanzo, ilikuwa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, na usiku wa bamvua maji huku kwetu hupwa kabisa mnamo saa tano. Mkanda, mlango wa maji kati ya kisiwa cha Manda na bara, hauna kina cha kupitisha chombo wakati huo. Waliondoka saa nane, maji yalipojaa vya kutosha, wakafika kabla ya alfajiri. Mama aliongezewa damu, akapona.

Hiki ni kisa cha kufundishia. Nimekisuka kutokana na mambo ambayo kila aliyefanya kazi katika vituo vya visiwani atayatambua. Si taarifa ya kituo fulani wala ya watu fulani. Nimekiandika kwa ajili ya matabibu, wauguzi na mameneja wa afya wa pwani, kwa sababu naamini tunapoteza viongozi wengi wazuri kwa njia iliyomo humu ndani, na tunawapoteza kwa utaratibu rasmi kabisa, kwa barua zenye mhuri.

Simu, kikao na barua

Lau mama yule angefariki, utaratibu wa Kenya wa kufuatilia vifo vya kina mama na watoto wachanga ungetaka kifo kiripotiwe na kikao kikae kuchunguza kilichotokea. Kanuni ya vikao hivyo, ambayo Shirika la Afya Duniani limeisisitiza miaka mingi, ni kwamba hakutajwi jina wala halaumiwi mtu; linalotafutwa ni chanzo. Kwa kuwa alipona, hakuna kikao kilichodaiwa. Jambo lingeishia hapo.

Halikuishia. Shemeji ya mgonjwa alimpigia mwakilishi wadi. Mwakilishi wadi akaipigia idara ya afya ya kaunti. Idara ikampigia meneja wa afya wa kaunti ndogo, na Jumatatu asubuhi meneja akampigia tabibu. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Nani alikuwa zamu?"

Tabibu huyu ana miaka ishirini na tisa, kijana wa bara, mwaka wake wa pili kisiwani. Ni mganga mzuri. Watu wanamwita daktari na wanamwamini. Majuma matatu kabla ya usiku ule alikuwa Malindi, hotelini, kwenye kozi ya uongozi ya siku tano. Alifundishwa kuandika maono na dhamira ya taasisi, kupanga muda, kuorodhesha nguvu na udhaifu wa kituo, kuzungumza mbele ya watu. Hakuna ubaya katika hayo. Alikwenda peke yake, mmoja kutoka kila kituo, akarudi na cheti. Hakuna aliyemuuliza amejifunza nini, wala meneja wake hakujua kozi ilihusu nini zaidi ya kwamba fedha za mafunzo zimetumika.

Jumanne aliitisha kikao. Watu saba chumba cha chanjo, muuguzi wa usiku ule amekaa karibu na mlango. Mhudumu wa chanjo alisema alipokabidhiwa friji aliambiwa ni ya chanjo peke yake. Dawa ya wazazi aliikubali humo kwa hisani tu, kwa sharti kwamba asifungue mwingine, kwa kuwa daftari la joto lina saini yake. Mtunza stoo akasema yeye hutoa vichupa vya wiki nzima kila Jumatatu ili wauguzi wasihangaike. Muuguzi akasema alitumia alichokikuta. Ukiwasikiliza mmoja mmoja, kila mmoja ana haki. Hapo ndipo ugumu wa kisa ulipo, na wengi wanaokisoma kwa haraka hupita hapo bila kusimama, wakaenda moja kwa moja kumtafuta mkosaji.

Tabibu alitoa amri tatu. Ufunguo uachwe kwa mlinzi. Oksitosini isikae rafuni. Tangi la boti lijazwe. Wote wakasema sawa, daktari. Kikao kilichukua dakika kumi na tano.

Jumatano barua ikafika: muuguzi wa zamu ajieleze ndani ya siku saba kwa nini asichukuliwe hatua za nidhamu. Ilipitia mikononi mwa msimamizi ili amkabidhi. Jioni hiyo ufunguo ulikuwa bado mfukoni mwa mhudumu wa chanjo.

Kwa nini amri hazikushika

Mafunzo ya uganga humjenga mtu aamue haraka, kwa ajili ya mgonjwa mmoja aliye mbele yake, na aandike maagizo yatakayotekelezwa na wengine. Ni malezi mema. Usiku wa kutoka damu hutaki mtu wa kupiga kura. Lakini tabibu anapokabidhiwa kituo, huja na malezi hayohayo. Analiona tatizo la kituo kama ugonjwa, analiandikia dawa, anaondoka. Ndiyo maana kikao kilikwisha kwa robo saa. Na ndiyo maana waganga wengi waliopewa vyeo hukimbilia wodini mambo yanapochemka ofisini: wodini wanajua la kufanya, na wakifanya hushukuriwa.

Tazama amri ya kwanza. Mlinzi akifungua friji usiku na kusahau kuifunga, chanjo zikaharibika, nani atapata barua? Mhudumu wa chanjo. Tabibu alimtaka mtu aachie ufunguo huku lawama ikibaki palepale. Hakuna mwenye akili timamu ambaye angekubali, na yule mhudumu hakuwa mkaidi. Alikuwa anajilinda kwa njia pekee aliyonayo. Amri ya tatu nayo haikuwa amri, kwa sababu fedha za petroli hazikuwa mkononi mwa yeyote aliyekuwa chumbani humo.

Hapa kuna jambo ambalo Waingereza walikutana nalo zamani. Mwaka 1983 serikali yao ilimwomba Roy Griffiths, mkurugenzi wa maduka ya Sainsbury's, aangalie usimamizi wa huduma yao ya afya. Ripoti yake ilisema kwamba lau Florence Nightingale, muuguzi mashuhuri wa Kiingereza wa karne ya kumi na tisa, angepita na taa yake katika korido za hospitali za siku hizo, karibu ni hakika angekuwa anawatafuta walio na dhamana. Dawa waliyoiandika ilikuwa kuteua mameneja wa jumla. Baada ya miaka mingi ya mvutano kati ya mameneja na madaktari, wakarudi kuwafunza madaktari na wauguzi wenyewe uongozi. Chuo cha madaktari cha uongozi na usimamizi kilianzishwa huko mwaka 2011. Kituo chetu cha kisiwani kilikuwa na msimamizi mwenye barua ya uteuzi. Hata hivyo, lau Nightingale angepita na taa yake usiku ule, asingempata mwenye dhamana ya friji hiyo.

Nyumbani kwa Mama

Kikaoni alikuwepo muuguzi mkubwa wa kituo, mwenyeji wa kisiwa, amefanya kazi zaidi ya miaka ishirini. Kabla tabibu hajaletwa ndiye aliyekuwa msimamizi. Hakusema neno. Tabibu hakuwa amemuuliza, na hakuwa amemuuliza lolote la maana tangu afike. Kila mmoja alimheshimu mwenzake kwa mbali.

Jumatano baada ya isha tabibu alikwenda nyumbani kwa muuguzi huyo, ambaye humwita Mama. Alibisha hodi, akakaribishwa, akaulizwa habari za kwao na za wazazi. Kahawa ikaja. Kisha akatoa barua mfukoni akamwonyesha.

"Mama, nifanye nini?"

Bi mkubwa aliisoma yote, akaikunja. Akamwuliza kama anajua kwa nini friji ina kufuli. Tabibu hakujua.

"Mwanangu, zamani ufunguo ulikuwa ukining'inia leba, kwenye msumari. Kila anayefungua anaandika. Mwaka mmoja umeme ulikatika siku mbili, chanjo zikaharibika. Ikaja barua kama hii. Ilikuja kwangu. Nikajieleza, nikakatwa mshahara. Kesho yake nilimwita fundi atie kufuli, nikampa ufunguo mtu mmoja, nikamwambia usimpe mtu."

Kufuli lile, kwa hiyo, lilitokana na barua ya kwanza. Ofisi iliadhibu mtu kwa kosa la umeme, kituo kikajifunza kujifunga, na miaka baadaye mama mmoja nusura afe kwa sababu kituo kimejifunza vizuri. Barua ya pili ilikuwa njiani kufundisha somo jipya. Muuguzi wa usiku, akiadhibiwa, angejifunza nini? Kwamba mama mwenye dalili yoyote asipokelewe usiku. Amwambie jamaa zake watafute chombo waende Lamu tangu mapema, na daftari libaki safi. Kila aliyefanya kazi vituoni ameshawahi kuona zamu inayofanya hivyo.

Naliandika hili kwa uchungu. Tunatumia fedha za umma kuwapeleka watu kozi za uongozi, na huku barua moja inayotangulia swali inawafunza kinyume, bure, na somo lake hudumu kuliko kozi.

Jibu la barua

Tabibu alikuwa na njia tatu. Kuikabidhi barua kama alivyoagizwa. Kuikalia kimya, mpaka siku saba zipite na muuguzi apate ya pili. Au kuijibu mwenyewe.

Alijibu mwenyewe. Aliandika kwamba muuguzi alifuata utaratibu wa kutibu damu ya baada ya uzazi hatua kwa hatua kwa dawa alizokuwa nazo. Kwamba dawa iliharibika kwa mpangilio wa kituo anachokisimamia yeye. Kwamba boti halikuwa na mafuta kwa mpangilio ambao si wa kituo. Na kwamba anaomba meneja afike kisiwani azungumze na wote. Hakumkwepesha muuguzi lawama kwa kumtupia mhudumu wa chanjo. Barua ilikuwa ukurasa mmoja.

Wako watakaosema alijitia hatarini bila sababu, na kwamba busara ilikuwa kumpigia meneja simu kwanza, kumpa nafasi ya kuiondoa barua kimyakimya. Nimelifikiria hilo. Kimaandishi lilianza, na muuguzi alikwisha kusikia kuwa kuna barua. Kisiwani habari haifichiki. Jibu la simu lingemwokoa muuguzi na kumwacha kila mwingine akiamini kwamba usalama wake unategemea kujuana na wakubwa. Kwa hiyo nasimama na tabibu. Lakini namlaumu kwa kitu kimoja: alimwonyesha Mama barua kabla ya kuzungumza na mwenyewe iliyemhusu. Muuguzi yule alikaa siku mbili akijua mambo yake yanajadiliwa na hajaitwa.

Meneja wa kaunti ndogo naye asifanywe katili. Alikuwa amepigiwa simu na wakubwa wawili kabla ya saa tatu asubuhi, na barua ya kujieleza ndicho chombo pekee alichofunzwa kutumia: ukiiandika, umeonekana umechukua hatua. Naye amepita vipindi vigumu, mgomo wa madaktari wa siku 100 uliomalizika Machi 2017, kisha mgomo wa wauguzi wa miezi mitano mwaka huohuo, ambapo mameneja wa kati walibaki kati ya serikali za kaunti na wenzao wa jana. Watu waliopita hapo hujifunza kuandika kila kitu.

Alikuja. Alipanga safari kwa maji, akafika Jumatatu iliyofuata. Kikao kilikuwa chumba kilekile. Alianza kwa kusema barua ameiondoa kwa maandishi, nakala hii hapa. Kisha akauliza swali moja na kulizungusha kwa kila mtu, mlinzi akiwemo: "Usiku ule ungehitaji nini ambacho hukuwa nacho?" Kikao kilichukua asubuhi nzima. Katika kisa hiki chote, kwangu mimi hilo ndilo tendo kubwa kuliko yote ya uongozi, na halikufundishwa katika kozi yoyote aliyokwenda tabibu, kwa sababu aliyelihitaji somo hilo alikuwa meneja na hakualikwa.

Ufunguo, mafuta na maji

Walichokubaliana kuhusu friji kilitoka kwa mhudumu wa chanjo mwenyewe. Oksitosini ikae katika kisanduku kimoja ndani ya friji, mahali pa kushika mara moja bila kupekua, mbali na ukuta wenye barafu. Funguo ziwe mbili; ya pili iwe leba, na kila anayefungua usiku aandike saa na joto alilolikuta. Yeye ndiye atakayewafunza wauguzi wote kusoma kipimajoto. Lawama ikagawanywa pamoja na ufunguo: joto likiharibika usiku, anayejieleza ni zamu na si yeye. Mtu aliyekuwa kizuizi akawa mwalimu, na sababu ni kwamba aliulizwa. Meneja naye alieleza jambo ambalo hakuna aliyelijua pale kituoni: mashirika ya Umoja wa Mataifa ya WHO, UNICEF na UNFPA yalitoa tamko la pamoja mwaka 2019 yakihimiza oksitosini itunzwe katika mnyororo baridi wa chanjo, yaani mpango uleule wa kuziweka chanjo katika ubaridi tangu stoo hadi kituoni. Kwa hiyo ile "hisani" ilikuwa kazi halali, na agizo la zamani lilikuwa limepitwa.

Kuhusu tiba yenyewe, tabibu aliona nafasi ya kutumia elimu yake. Utafiti wa E-MOTIVE, uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania na kutolewa mwaka 2023, ulionyesha kwamba kupima damu kwa mfuko maalumu chini ya mzazi, badala ya kuikisia kwa macho, na kutoa matibabu yote pamoja mara inapogunduliwa, kulipunguza matokeo mabaya ya kutoka damu kwa asilimia 60. Wengi hukumbuka mfuko. Mimi nakumbuka pia kwamba kila hospitali iliyopewa utaratibu ule iliteua watu wake wa ndani wa kuusimamia, na wafanyakazi wakawa wanarudishiwa takwimu zao wenyewe. Muuguzi wa usiku ule aliombwa awe mtu huyo. Alisita, akakubali.

Mafuta yalichukua muda zaidi. Tangu huduma za afya zikabidhiwe kaunti mwaka 2013, vituo vingi nchini viliona mapato yao yakienda kwenye mfuko wa kaunti na kurudi kwa shida. Sheria ya kuviruhusu vituo vibaki na mapato yao na kuyatumia ilitiwa saini Oktoba 2023. Lakini sheria haijazi tangi. Inahitaji kamati ya kituo ikae, ipitishe bajeti, iandike muhtasari, na kamati ya kituo hiki haikuwa imekaa kwa muda mrefu. Tabibu alidhani kuiitisha ni kazi ya mwenyekiti. Mwenyekiti, mzee wa mji, alidhani ataitwa. Ilipokaa, ikaamua fedha kidogo ziwekwe kwa muuza petroli wa mjini kwa ajili ya lita za rufaa peke yake, atoe usiku kwa saini ya muuguzi wa zamu, na manahodha wawili wakubaliane bei mapema.

Na nahodha mmoja kati ya hao alisema neno ambalo hakuna mganga aliyelifikiria. Aliwaambia wao wanafikiria maji baada ya mgonjwa kuzidiwa. Yeye akitoka, anafikiria maji kabla. Siku za bamvua, kuanzia magharibi mpaka usiku wa manane umepita, Mkanda haupitiki vizuri. Kwa hiyo mjamzito wa hatari, aliyetoka damu uzazi uliopita au mwenye mapacha, akianza uchungu alasiri ya bamvua, uamuzi wa kumpeleka Lamu ufanywe kabla jua halijachwa. Ukingoja uone hali, maji yatakuamulia. Jedwali la maji sasa limebandikwa leba, pembeni ya chati ya uchungu, na wauguzi huandika saa za kujaa na kupwa kwenye faili la kila mama anayelazwa.

Kozi ya hotelini

Sisemi kozi zifutwe. Kozi za Chuo cha Serikali cha Kenya zina nafasi yake, na mtumishi ana haki ya kuzipata. Ninachosema ni kwamba fedha zinazotengwa kukuza viongozi wa afya zisihesabiwe zimefanya kazi hiyo kwa sababu mtu amerudi na cheti.

Njia nyingine ipo na ina historia ndefu. Reg Revans, Mwingereza aliyefanya kazi na bodi ya makaa ya mawe ya nchi yake baada ya Vita vya Pili vya Dunia, alikuwa akiwakutanisha mameneja wa migodi waulizane maswali juu ya matatizo yao halisi badala ya kusikiliza mihadhara. Miaka ya 1960 alilipeleka jambo hilo katika hospitali kumi za London. Karibu na kwetu, huko Aswan nchini Misri, mwaka 2002 shirika la Management Sciences for Health na wizara ya afya ya Misri walianza mafunzo ya uongozi ambayo walioitwa ni timu kutoka vituo vya mashambani, madaktari na wauguzi pamoja. Kila timu ilichagua tatizo lake moja, ikaweka shabaha, ikarudi kila baada ya muda kueleza ilipofika na palipokwama. Msaada wa nje ulipokwisha, wenyeji waliendelea na kuwafunza wengine.

Ningepewa fedha za ile wiki ya Malindi, ningeita watatu kutoka kila kituo: msimamizi, muuguzi mmoja wa zamu, na mmoja asiye mganga, mtunza stoo au mwenyekiti wa kamati. Ningewakutanisha siku moja kila mwezi, Mokowe au Faza, kila timu na tatizo lake moja linaloumiza watu. Na ningemlazimisha meneja wa kaunti ndogo kukaa humo kama mwanafunzi, si kama mgeni rasmi wa kufungua na kufunga. Katika kisa chetu kila kilichobadilika kilipita mlangoni pake: barua, tamko la 2019, idhini ya mafuta. Ukimfunza tabibu na kumwacha meneja, umemfunza mtu kugonga mlango uliofungwa.

Kuna pingamizi ninaloliheshimu. Vituo vyetu vina watu wachache, na kuwatoa watatu kwa siku moja ni kufunga huduma. Ni kweli. Kituo cha wauguzi wawili hakiwezi. Kwa vituo hivyo meneja aende kwao, kama alivyofanya huyu, na kikao kiwe palepale penye friji.

Makabidhiano

Miezi minane baadaye tabibu alipata uhamisho kwenda bara ya Lamu, upande wa Mpeketoni. Uhamisho wa namna hii ndio unaomaliza mengi mazuri visiwani. Fomu ya makabidhiano ina nafasi ya vitanda, mizani, viti na boti. Haina nafasi ya makubaliano.

Aliongeza kurasa mbili kwa mkono, wakaziandika pamoja na Mama na muuguzi wa usiku. Zinasema funguo ni mbili na ziko wapi. Zinamtaja muuza petroli na bei za manahodha. Zinasema jedwali la maji hubadilika kila mwaka na nani wa kulifuata. Zinasema pia yaliyoshindikana: vikao vya kila mwezi vilikufa mwezi wa Ramadhani na vikachukua muda kufufuka, daftari la joto lina mapengo ya Jumamosi, na mwezi wa sita fedha za mafuta ziliisha, kwa sababu malipo ya bima mpya ya afya ya taifa, iliyochukua nafasi ya ile ya zamani ya NHIF Oktoba 2024, yalichelewa, na muuza petroli alikopesha mara mbili kisha akakataa. Rufaa moja ya mwezi huo ililipiwa tena na mchango wa jamaa.

Msimamizi mpya, muuguzi mwenye shahada, aliagizwa na meneja akae majuma mawili chini ya Mama kabla ya kutia saini. La mafuta limepelekwa kaunti kwa maandishi: fedha za rufaa ya dharura zitengwe kwanza kabla ya matumizi mengine yoyote ya kituo, ziwe zinakuja moja kwa moja na si kwa kusubiri bima. Jina lililo chini ya barua hiyo ni la meneja.